Mwamba Usio na Jina Huvunjwa Kwanza

Nakusalimu wewe uliye mwaloni Igombe unayeanika dagaa, wewe mama lishe wa Kirumba ambaye chai yako imeshachemka, wewe dereva unayesubiri abiria wa mjini hapa Buswelu, na wewe mwanafunzi unayefunga kamba za viatu huku redio ikiwa dirishani. Kama umeniitikia kimoyomoyo, basi tuko pamoja.

Leo nataka tuzungumze habari za mawe. Naam, mawe. Najua utaniuliza: mawe nayo yana mazungumzo gani? Mtu wa Mwanza anazaliwa katikati ya mawe, anacheza juu ya mawe, anajenga juu ya mawe, na siku akiondoka duniani wachimba kaburi wanatoka jasho kwa sababu ya mawe. Tumeyazoea mpaka hatuyaoni. Ndiyo maana nayaleta asubuhi hii.

Neno langu ni moja, na nitalirudia mara kadhaa ili tusipotezane njiani: mwamba wenye jina hulindwa, mwamba usio na jina huvunjwa kwanza. Lishike hilo, kisha tufuatane.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu palikuwa na mwamba mpana, umelala chini kama mgongo wa kiboko. Juu yake bibi alianika michembe. Viazi vitamu vikishavunwa, vilimenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikatandazwa pale kwenye jua. Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kuku na kunguru. Mvua ikinyesha, maji yalituama kwenye vishimo vya mwamba ule, tukayatumia kuoshea miguu kabla ya kuingia ndani. Jioni ulibaki na joto la mchana, nasi tulikaa juu yake kusikiliza hadithi. Ulikuwa jiko la jua, beseni na baraza, vyote kwa pamoja.

Leo mwamba ule haupo. Ulikokewa moto, ukapasuka, ukapondwa kokoto. Msimu mmoja tu ulitosha. Ulikuwa umekaa pale tangu lini? Hapo ndipo msikilizaji wangu inabidi ushike kiti.

Wanajiolojia wanatueleza kwamba miamba ya upande wetu huu ni sehemu ya gamba la kale kabisa la dunia, na umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Ilianza ikiwa uji wa moto chini kabisa ya ardhi, ikapoa taratibu, ikawa matale. Kisha ikapata nyufa, zingine wima, zingine za kulala, kama mistari ya daftari la hesabu. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo chini ya udongo na kuanza kazi yake.

Unataka kujua kwa nini mawe yetu ni mviringo, na kwa nini moja limekaa juu ya jingine kama vile mtu amelipandisha? Chukua sabuni ya mche. Ikate vipande vya pembe nne, viache ndani ya beseni lenye maji kidogo. Kesho yake utaona nini? Pembe zimeliwa kwanza, kipande kimeanza kuwa duara. Basi mwamba nao uliliwa hivyo hivyo, pembe kwanza, ukiwa bado umefunikwa na udongo. Baadaye udongo ulipochukuliwa na mvua za zama nyingi, mawe yakabaki wazi, yamepangana jinsi yalivyokuwa chini. Hakuna jitu lililoyapandisha. Udongo ndio ulioshuka.

Na ziwa je? Ziwa letu ni mgeni hapa. Umri wake ni wa kuhesabu kwa malaki ya miaka, tena wataalamu waliochunguza matope ya sakafuni wanasema kiasi cha miaka 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa upya. Mwamba ulikuwepo ziwa lilipokuja, ukaliona likiondoka, ukaliona likirudi. Kwa hiyo tukisema "mawe ya ziwani", tunageuza mambo. Mwamba ndiye mwenyeji, ziwa ndilo lililokaribishwa.

Sasa twende mjini. Panda daladala, shuka, tembea nami hadi upande wa kivuko cha Kamanga. Pale majini, hatua chache kutoka ufukweni, kuna mawe yamesimama juu ya mwamba, na moja limekaa kileleni kana kwamba upepo wa kesho utalidondosha. Unalijua. Wageni wote hupigwa picha pale. Jina lake nani? Jiwe la Bismarck.

Huyo Bismarck alikuwa nani? Otto von Bismarck alikuwa kansela wa Ujerumani wakati nchi ile ilipoanza kutawala Tanganyika. Hakuwahi kufika hapa. Hakuwahi kuliona jiwe hili, wala kugusa maji ya ziwa hili. Lakini tazama nguvu ya jina! Utawala wake umepita, Waingereza wamekuja na kuondoka, sisi tumejitawala tangu mwaka 1961, na jiwe bado limesimama. Halikupondwa kokoto. Kwa nini? Kwa sababu lina jina, na kitu chenye jina mtu hakigusi bila kuulizwa. Mwamba wenye jina hulindwa.

Tuendelee kidogo kufuata ufukwe. Tunafika kwenye rasi ya Capri Point. Rasi, kwa wanafunzi wanaonisikiliza, ni ardhi inayoingia majini kama pua inavyotokeza usoni. Panda juu ya majabali yake asubuhi kama hii, utaona nini? Upande mmoja mji umebandikwa kwenye vilima, nyumba juu ya mawe na mawe juu ya nyumba. Upande mwingine maji hadi macho yachoke. Juu ya jiwe lililo peke yake majini, minandi wametanua mbawa zao kukausha manyoya. Mdiria mweusi kwa mweupe anapigapiga mbawa hewani, amesimama palepale, halafu anajitupa majini kama jiwe na kuibuka na dagaa. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, anapaza ile sauti yake ambayo mvuvi yeyote anaijua hata akiwa amefumba macho.

Ng'ambo kidogo ya rasi, mwendo mfupi wa boti, kuna kisiwa cha mawe. Hicho nacho kina jina: Saanane. Saanane ni nani? Ni Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi pale kabla serikali haijakichukua kisiwa. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, haifiki hata kilomita za mraba 3 ukijumlisha na maji yanayoizunguka. Serengeti ungeimega mara elfu kadhaa kupata vipande kama Saanane. Lakini ni hifadhi ya taifa, sawa na Serengeti, ikiwa ndani ya jiji. Kuna pala, kuna kenge, kuna mamba, kuna pimbi.

Nipe nafasi niseme machache juu ya pimbi, maana hata Buswelu tunaye, na watoto wetu humpiga mawe. Pimbi ana umbo la sungura asiye na masikio marefu. Lakini ukoo wake, ukiwauliza wataalamu wa wanyama, uko karibu na tembo kuliko sungura. Nyayo zake ni laini na zenye unyevunyevu, zinanata kwenye jabali lililosimama wima, ndiyo maana hatelezi. Asubuhi hutoka kuota jua kabla hajatafuta chakula, kama mzee aliyekaa barazani. Mmoja hukaa zamu juu ya jiwe refu. Akimwona tai hupiga kelele, na wote hutoweka nyufani mara moja. Zile alama nyeupe unazoziona zimetiririka kwenye majabali ni msala wao, wanaoutumia kizazi hadi kizazi.

Na mjusi je? Nani hajamwona yule mjusi wetu, dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe saa sita mchana? Sasa nikwambie jambo. Kwenye vitabu vya sayansi, mjusi huyu anaitwa Agama mwanzae. Umesikia? Mwanzae: wa Mwanza. Mtaalamu Arthur Loveridge ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1923. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanaofurahia rangi zake wakitaja jina lake, wanataja mji wetu. Tazama pia kichwa chake kilivyo bapa. Ni kichwa cha kuingia kwenye ufa mwembamba wa jiwe mwewe anapopita juu. Ondoa ufa, umemwondolea mlango wa nyumba yake. Jibebee mwenyewe swali hili: mji uliompa mjusi jina unamwachia jiwe la kukaa?

Tumeona jina la kansela ambaye hakufika. Tumeona jina la mzee wetu mkulima na mvuvi. Tumeona mjusi mwenye jina la mji. Sasa tushuke chini ya maji, kwa sababu mwamba haukomi pale maji yanapoanzia. Unaendelea kushuka, jiwe juu ya jiwe, na katika mapango yake wanaishi samaki waitwao furu.

Ziwa hili lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kuzidi 500, ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wengi walitoweka baada ya sangara kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya 1960, na pia baada ya maji kuchafuka. Waliosalimika zaidi ni akina nani? Wengi ni wale wa miambani. Sangara ni samaki mkubwa wa maji ya wazi. Katika nyufa za mawe hapiti. Mwamba ukawa boma, na furu wadogo wakajificha ndani yake.

Mmoja wa hao ana mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni. Watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakifanya kazi hapa Mwanza walimwandika kitabuni mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais. Wakamwita nyererei. Ndiyo, Pundamilia nyererei! Jina la mbele ni Kiswahili chetu kitupu, pundamilia, kwa ajili ya ile mistari. La nyuma ni la Baba wa Taifa. Ana ndugu yake wa rangi ya buluu, anaitwa Pundamilia pundamilia. Wanaishi kwenye mawe yale yale, lakini kila jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Wekundu kwa wekundu, buluu kwa buluu.

Sasa fikiri pamoja nami. Maji yakichafuka, yakawa kama chai ya rangi, jike ataona rangi gani? Hataona. Atachanganya. Watafiti waliliandika jambo hili mwaka 1997: mahali penye maji machafu, rangi zinafifia, na aina mbili zinaungana kuwa moja. Samaki hajavuliwa, hajaliwa na sangara, lakini amepotea. Na tope linalochafua maji hayo linatoka wapi? Linatoka vilimani kwetu. Tunapokata mti wa mwisho juu ya kilima na kuvunja majabali yaliyoshikilia udongo, mvua ya kwanza inauteremsha hadi ziwani. Wewe wa Buswelu unaweza kusema ziwa liko mbali. Maji ya mvua hayasemi hivyo.

Msikilizaji wangu, miamba hii haikutunza mijusi na samaki pekee. Imetunza na historia. Ukifuata ufukwe wa Ghuba ya Speke utafika Kageye. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipofika Februari 1875, na mwezi uliofuata akateremsha majini mashua yake, Lady Alice, kulizunguka ziwa. Mashua ile ilifikaje hapa? Iligawanywa vipande, ikabebwa mabegani na wapagazi kwa miguu kutoka Bagamoyo. Kijana mmoja Mwingereza wa msafara ule, Frederick Barker, alifia Kageye mwaka huo huo, na jina lake linakumbukwa mpaka leo. Na wapagazi waliofia njiani wakiwa na vipande vya mashua ile mabegani, je? Wengi wao hatuwajui hata jina moja. Unaona jina linavyofanya kazi? Mwenye jina anakumbukwa. Asiye na jina anafunikwa na majani.

Hata ziwa lenyewe lilipitia hayo. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke alilitazama kutoka kilimani upande huu wetu, akalipa jina la malkia wa nchi yake, Victoria. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Jina la malkia ndilo lililoingia kwenye ramani, lakini Nyanza halijafa. Linaishi midomoni mwetu, kwenye shule na kwenye maduka, kwa sababu wazee hawakuacha kulitamka.

Na kama unataka kuona jinsi watu wanavyoweza kutunza majina, nenda Bujora, pale Kisesa. Ni kilima cha mawe kama vilima vyetu. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alishirikiana na wazee wa Kisukuma kuweka pale makumbusho: ngoma za watemi, nyumba ya msonge, vifaa vya mganga na vya mhunzi, kila kimoja kwa jina lake la Kisukuma. Kila Juni, kwenye sherehe za Bulabo, wachezaji wa vikundi vya Bagika na Bagalu wanashindana ngoma mpaka vumbi linapanda juu ya mawe. Bagika wanaitwa kwa jina la Ngika, mganga na mchezaji mahiri wa zamani. Mtu amekufa, jina lake linacheza ngoma.

Wazee wa Kisukuma waliisoma ardhi hii kwa majina pia. Udongo wa kichanga unaotokana na matale, ulio chini tu ya majabali, waliuita luseni. Ukishuka unakuta itogolo, ule mgumu. Bondeni kabisa unakuta mbuga, udongo mweusi wa kunata. Mkulima akisikia jina alijua hapa apande viazi au mihogo, pale alime mpunga. Jina lilikuwa shule nzima katika neno moja.

Sasa turudi Buswelu, tulikoanzia. Hapa ndipo makao ya Manispaa ya Ilemela, na mji unakua mbele ya macho yetu. Barabara zinafunguliwa, viwanja vinapimwa, nyumba zinapanda vilimani. Nyumba inahitaji msingi, msingi unahitaji mawe, na zege linahitaji kokoto. Nami sitaki mtu anielewe vibaya. Nawajua akina mama wanaokaa juani na nyundo mkononi, mtoto amelala kivulini pembeni, wakiponda kokoto ndoo kwa ndoo. Kokoto hizo zimelipa ada za shule. Zimenunua dawa. Siwezi kusimama hapa kwenye redio nikawaambia waache nyundo zao. Mkono unaomlisha mtoto haulaumiwi.

Ninachosema ni hiki: tusiyavunje mawe yote bila kuchagua. Mwamba wa miaka bilioni 2.5 unapasuliwa kwa moto wa siku moja, na ukishapasuka hakuna fundi wa kuushona. Mti ukiukata utapanda mwingine, mwanao atakaa kivulini mwake. Mwamba hauoti. Kilima kikishaliwa, kimeliwa. Kwa hiyo palipo na vilima kumi vya mawe, tuvunje tunavyohitaji, lakini kile chenye pimbi, chenye mkuyu uliotia mizizi nyufani, chenye vishimo ambavyo mababu walichezea bao la isolo, hicho tukiache. Na hakitaachwa kama hakina jina. Atakuja mtu na lori, atauliza, "Hapa ni wapi?" Ukimjibu, "Hapa ni mawe tu," amekwisha kukishinda. Ukimjibu kwa jina, na majirani wakajibu jina lile lile, atasita.

Mwamba wa bibi yangu haukuwa na jina. Sisi tuliuita "pale kwenye michembe". Neno hilo halikuandikwa popote, na mtu wa nje ya ua wetu hakulijua. Ulipovunjwa hakuna aliyeuliza, hata mimi sikuuliza. Ndiyo sababu nazungumza leo.

Basi msikilizaji wangu, nakuomba mambo matatu, nayo hayana gharama. La kwanza, leo jioni muulize mzee wa mtaani kwenu jina la kilima kilicho karibu nawe, na kilichotokea pale zamani. Waulize mapema, kwa sababu wazee wanaondoka na majina hayo. La pili, mpeleke mtoto juu ya mawe asubuhi na mapema, mkae kimya, mmwone pimbi akiota jua na mjusi mwekundu akipiga pushapu. Mwambie huyo mjusi ana jina la mji wake. La tatu, mkutano wa mtaa ukiitishwa, simama, taja kilima kimoja kwa jina lake, na uombe kiandikwe kwenye kumbukumbu za mtaa kwamba hicho hakiguswi.

Kilima kimoja kwa kila mtaa. Hatuombi zaidi ya hapo. Taja jina lake leo, kabla lori halijafika.